Miaka Isiyo na Mavuno

Katika historia ya Kanisa la pwani yetu kuna miaka ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Husema kwamba Injili ililetwa Mombasa mwaka 1844, kisha huruka hadi mwaka 1875, Freretown ilipoanzishwa, wakatuonyesha kengele, shule na mamia ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 31. Katika muda huo wote wenyeji waliobatizwa Rabai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mimbari haipendi miaka ya namna hiyo. Haina umati, haina shangwe, haina hesabu ya kupeleka kwenye mkutano wa dayosisi.

Mimi nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na najua kwamba hata vitabu vya shule huipa miaka hiyo aya moja au mbili. Mwanafunzi hutakiwa akariri majina ya Krapf na Rebmann, mlima aliouona huyu na mlima aliouona yule, basi. Katika kurasa hizi nataka tukae kidogo ndani ya miaka hiyo, kwa sababu naamini ndiyo inayofanana zaidi na maisha ya Mkristo wa kawaida. Wengi wetu hatuishi Freretown siku kengele inapolia. Tunaishi Rabai ya mwaka 1850, tunaomba, na hatuoni kitu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilimtuma kwanza Ethiopia, ambako alikaa miaka kadhaa akiwa na matumaini ya kuwafikia Waoromo, mpaka njia ikafungwa na akazuiwa kurudi. Kwa hiyo tusidhani kwamba alikuja kwetu akiwa mshindi. Alikuja akiwa amekwisha kushindwa mahali pengine. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, akapokewa vyema na Sayyid Said, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Baada ya miezi michache yeye na mkewe Rosine walikuwa wamehamia Mombasa.

Wareno walikuwa wamejenga makanisa mjini humo zaidi ya karne mbili kabla yake, lakini kazi yao ilizama pamoja na utawala wao. Krapf alianza upya kabisa. Jambo la kwanza alilolifanya ni kujifunza lugha, na tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hapa pana jambo ambalo sisi watu wa pwani hatupaswi kulisahau. Aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Mwanachuoni wa Kiislamu aliketi na mgeni Mkristo, wakapima maneno pamoja. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Kila ninaposikia watu wakisema kwamba imani huimarika kwa kujitenga na wasioamini kama sisi, mimi humkumbuka kadhi huyo.

Wiki tano baada ya kuanza kazi hiyo, nyumba ya Krapf ilibomoka. Mwanzoni mwa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Mama na baba wote wawili walikuwa na homa kali. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki, na siku chache baadaye mtoto naye akafuata. Huyo hakuwa mtoto wa kwanza kufa, kwani walikuwa wamekwisha kumzika binti mwingine njiani walipokuwa wakihangaika kurudi Ethiopia. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapitao njia waone kaburi lake na wakumbuke jambo lililowaleta. Alizikwa huko, upande wa Nyali, na mnara wa kumbukumbu ya Krapf umesimama katika upande huohuo wa maji.

Baada ya mazishi Krapf aliwaandikia wakuu wa chama chake London. Aliwaambia kwamba kaburi hilo la upweke ni ishara kwamba vita vimeanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba Kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yamerudiwa sana. Yamechongwa, yamehubiriwa, yameingizwa katika historia za misheni. Kwa muda mrefu mimi niliyasoma kama maneno ya askari shupavu asiyejua kulia.

Niliyasoma kwa macho mengine baada ya mwaka 1996. Mke wangu aliugua figo kwa miaka miwili, akafariki mwaka huo. Tulikuwa tumeomba. Waliomba wazee wa kanisa, waliomba vijana, waliomba kina mama waliokuwa wakija nyumbani kila Alhamisi na uji na Biblia. Baada ya maziko, mtu mmoja mwenye nia njema alinieleza kwamba pengine mahali fulani katika nyumba yetu imani ilipungua. Sikumjibu. Lakini kwa miezi mingi baada ya hapo nilikwenda kanisani kwa mazoea tu. Waliposimama nilisimama, walipoketi niliketi. Midomo yangu ilisema Nasadiki, na moyo ukabaki kimya.

Wakati huo ndipo nilipokisoma kwa ukamilifu kitabu cha safari cha Krapf, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Nilikuwa nimedokoa humo mambo ya kufundishia kwa miaka mingi, lakini sasa nilikisoma kama mjane anavyomsoma mjane mwenzake. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Yule askari shupavu hafichi kitu. Anaeleza homa, anaeleza udhaifu uliomlaza hata akapata taabu kuinuka kwenda kumtazama marehemu mkewe. Anaeleza hofu. Nilielewa kwamba barua ile ya kaburi iliandikwa na mtu aliyeumia hasa, aliyekuwa anatafuta mahali pa kuuweka mguu wake ili asianguke. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema maneno makubwa kwa sababu hajaguswa, na mtu anayeyasema kwa sababu bila hayo hawezi kuamka kesho yake.

Na kesho yake alifanya nini? Aliendelea na maneno. Hilo ndilo fundisho la kwanza ninalolipata katika miaka hiyo. Krapf hakungoja moyo wake upone ndipo arudi kazini. Aliandika neno moja, kisha la pili, akauliza, akasahihisha. Alikusanya msamiati wa Kiswahili na wa lugha za Wamijikenda, ambao wakati huo waliitwa Wanyika. Shaka haiondoki kwa kubishana nayo usiku kucha kitandani. Mara nyingi huondoka taratibu, bila kuaga, wakati mtu ameinamia kazi ndogo aliyopewa. Nami nilipoanza tena kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili, sikuanza kwa sababu imani ilikuwa imerudi. Nilianza kwa sababu mwalimu wao alikuwa amehamishwa na watoto walikuwa wanakaa bure.

Mwezi wa Juni 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, kusini mwa Ujerumani vilevile. Mwezi wa Agosti walihamia Rabai, juu ya vilima, umbali wa kutembea siku moja kutoka Mombasa. Walipandisha vilima hivyo wote wawili wakiwa na homa. Wazee wa Rabai waliwakubali wakae, nao wakajenga nyumba.

Basi, kwa nini watu hawakuamini? Wapo wanaojibu kwamba mioyo ya watu ilikuwa migumu. Mimi sioni kwamba jibu hilo linatosha. Mrabai wa wakati ule alikuwa mtu wa kaya. Kaya ilikuwa msitu mtakatifu, na pia ilikuwa baraza, mahakama na makaburi ya mababu. Mvua iliombwa huko, magomvi yaliamuliwa huko. Tembo la mnazi lilinywewa katika matanga, katika mahari na katika upatanisho. Mgeni alipomwambia mtu aache mambo hayo, alikuwa anamwambia aache ukoo wake. Na mgeni mwenyewe alikuwa na nini cha kumpa badala yake? Hakuwa na kijiji, hakuwa na shamba la kutosha, hakuwa na wajomba. Watu wa Rabai walikuwa waungwana kwake, walimsikiliza, wakamwomba nguo na mchele, wakarudi kwao. Nasi watoto wa watoto wao tukumbuke kwamba wamisionari wale nao walidharau mengi ambayo hawakuyaelewa, na dharau haijapata kufungua mlango wa mtu.

Aliyefunguka kwanza alikuwa mtu asiye na cha kupoteza. Jina lake Mringe. Alikuwa kilema, maskini, mtu ambaye hakuna baraza lililomngoja. Alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Mwaka 1851 alibatizwa akiwa mahututi, na muda mfupi baadaye akafa. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Miaka saba ya kazi, makaburi kadhaa, na Mkristo wa kwanza ni mtu anayekufa mkononi mwako. Hata hivyo mbegu ile haikupotea, kwa maana baada yake alikuja Abe Gonja, na pamoja na Abe Gonja mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Huyo Isaac Nyondo tutamwona tena.

Wakati huohuo makaburi yaliendelea kuongezeka. Mwaka 1849 alikuja Johannes Wagner, akafa kwa homa baada ya majuma machache. Mwaka 1851 alikuja Christian Pfefferle, naye akafa upesi, na mwenzake Diehlmann akaiacha kazi. Katikati ya mwaka huo huo Krapf alisafiri kwenda Ukambani, akitumaini kufungua kituo kipya. Karibu na mto Tana msafara ulishambuliwa, na Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa akimsindikiza, akauawa. Krapf alikimbilia porini peke yake. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akaona hana chombo cha kuchukulia maji. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akatembea usiku na kujificha mchana, akila majani na chochote alichokipata.

Nampenda mtu huyu wa mitutu iliyojaa maji kuliko yule wa kwenye mnara. Silaha yake imegeuka kuwa kibuyu. Mpango wake mkubwa wa kuweka vituo vya misheni kutoka bahari hii hadi bahari ile ya magharibi umefikia hapo, mtu mmoja mwenye kiu kichakani. Mwaka 1853 afya yake iliharibika kabisa, akaondoka. Alirudi mara moja tu kwa muda mfupi, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, kisha akaenda zake Ulaya na kuendelea na vitabu vya lugha.

Rebmann alibaki. Hapa pana fundisho la pili, na ni gumu zaidi, kwa sababu hawa ndugu wawili hawakukubaliana. Krapf aliamini katika kusonga mbele, kituo baada ya kituo. Rebmann, aliyekuwa amesafiri hadi Uchaga mara tatu, alifikia uamuzi kwamba ni afadhali kukaa mahali pamoja kwa subira na kungoja. Kila mmoja aliona udhaifu wa mwenzake. Tunapowatia wote wawili katika mahubiri kama mapacha wa imani, tunawanyang'anya wasomaji wetu faraja moja kubwa. Watu wawili waliompenda Bwana yuleyule, waliougua homa moja na kula sufuria moja, walitofautiana juu ya mapenzi yake. Anayetikisika kwa sababu wakubwa wa kanisa lake hawasemi sauti moja, ajue kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Rebmann pia alijua maana ya kutosadikiwa. Tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari hiyo ilipochapishwa Ulaya, wataalamu walicheka. Bwana mmoja wa London, W. D. Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga huku, aliandika kwa nguvu kwamba haiwezekani. Mpaka Baron von der Decken alipoupanda mlima huo kwa kiasi fulani mwaka 1861 na 1862 ndipo ubishi ulipoanza kuisha. Miaka yote ya katikati Rebmann alikuwa anaishi Rabai akijua alichokiona. Hakuwa na namna ya kuwaletea theluji mezani. Kilichobaki ni kusema tena, kwa utulivu, kwamba niliona. Muumini wa kweli mara nyingi hana hoja zaidi ya hiyo, na si hoja ndogo.

Matatizo hayakumwacha. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamasai yaliwatia hofu watu wa vilima hivyo, na yeye akalazimika kuondoka kwa muda. Mtoto wake alikufa mchanga. Mwaka 1866 mkewe Emma alifariki hukohuko Rabai. Macho yake mwenyewe yakaanza kufifia. Lakini alikuwa na daftari zake. Mombasa alikutana na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa, na kutoka kinywani mwake alikusanya maneno ya lugha ya nchi ile. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, baada ya kifo chake, ikitayarishwa na Krapf. Tazama ajabu hiyo. Mtu ambaye kwa macho ya dunia alikuwa amekwama kilimani, alikuwa anaandika lugha ya watu ambao hakuwahi kuwafikia, akifundishwa na mtu aliyeibiwa kwao. Na yule rafiki aliyetofautiana naye ndiye aliyeikamilisha kazi.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kwa shauri la kuikomesha biashara ya utumwa, alifika Rabai. Alimkuta mzee aliyekaribia kuwa kipofu na Wakristo wachache waliomzunguka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa hesabu ya miaka karibu 30. Mwaka 1875 Rebmann aliondoka hatimaye. Hakuwa amerudi kwao hata mara moja tangu alipowasili mwaka 1846. Aliyemwongoza safarini alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gonja. Mwaka uliofuata alifariki Korntal, Ujerumani. Mmisionari aliyekuja kuwaonyesha watu njia aliondoka akionyeshwa njia na mmoja wa watu wale. Sijui kama kuna tunda zuri kuliko hilo.

Najua msomaji anangoja niseme kwamba mwishowe kila kitu kilifanikiwa. Ni kweli kwamba mambo yalibadilika. Mkataba wa Juni 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na Freretown ikaanzishwa kwa ajili ya waliookolewa. Tangu mwaka 1864 walikuwa wamefika Rabai Wakristo Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa watoto na kusomeshwa India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, hata siku ya kwanza ya mwaka 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru baada ya wenyewe kulipwa fidia. Watu waliokosa ukoo walikuta hapo ukoo mpya. Kile ambacho Mrabai wa kaya hakukihitaji, mtu aliyeng'olewa kwao alikihitaji kuliko chakula.

Lakini mimi nasita kulitumia jambo hilo kama kiitikio cha furaha. Rosine hakuliona. Mringe hakuliona. Rebmann aliondoka kabla halijakomaa. Kama imani yao ilikuwa na thamani kwa sababu tu ya mavuno yaliyokuja baadaye, basi yule ambaye mavuno yake hayakuja kamwe tumwambie nini? Mke wangu hakupona. Hakuna mwaka 1875 utakaobadilisha hilo. Imani isiyoweza kusimama bila matokeo hiyo ni biashara, na mfanya biashara hufunga duka hasara inapozidi.

Kwa sababu hiyo nataka kumalizia na William Jones, ambaye hatajwi sana mimbarini. Mwaka 1885 aliwekwa wakfu kuwa shemasi na Askofu James Hannington. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Hannington aliondoka Rabai na msafara wa wapagazi wapatao 200 kuelekea Buganda, na Jones akiwa msaidizi wake. Walipofika kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias leo, askofu alitangulia na watu wapatao 50, akamwachia Jones wale waliobaki. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wake wote waliuawa. Wachache tu waliponyoka na kuleta habari.

Jones alingoja mpaka akasadiki kwamba hakuna tumaini tena. Kisha akakusanya watu wake waliochoka na wenye njaa, akaanza safari ndefu ya kurudi pwani. Mwezi wa Februari 1886 watu wa Rabai waliuona msafara ukija. Mbele ilipepea bendera ya buluu, na juu yake kwa herufi nyeupe lilishonwa neno moja, Ikabodi. Wasomaji wa Biblia mnalijua jina hilo. Ni jina la mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Nimeitafakari bendera hiyo kwa miaka mingi. Jones hakuandika juu yake kwamba yote ni heri. Hakuwaambia wajane waliokuwa wakingoja Rabai kwamba mahali fulani imani ilipungua. Aliandika ukweli wa huzuni yake kwa herufi ambazo kila mtu angeweza kuzisoma kwa mbali, akaubeba mbele ya watu. Lakini tazama miguu yake. Huku bendera ikisema utukufu umeondoka, miguu ilikuwa inawarudisha watu nyumbani, salama, siku baada ya siku, katika nchi kavu. Aliyelishona neno lile ndiye aliyegawa maji, aliyewangoja wagonjwa, aliyehesabu watu kila jioni. Baadaye alibaki Rabai, na alikuwapo watumwa wale walipopewa hati zao.

Hilo ndilo ninalotaka kumwachia msomaji aliye katika miaka isiyo na mavuno. Usidhani kwamba ni lazima bendera ibadilike kwanza ndipo utembee. Imani inaweza kuwa na neno la maombolezo juu na hatua ya utii chini, vyote kwa wakati mmoja. Wala kuomboleza si kukana. Ayubu aliomboleza kuliko rafiki zake wote, na mwishoni Bwana alisema kwamba ni yeye aliyesema yaliyo sawa.

Na ukiuliza ufanye nini kesho asubuhi, jibu ninalolipata katika historia yetu ni dogo na la kawaida. Shika daftari lako. Liandike neno linalofuata, hata kama anayekusaidia kuliandika ni mtu wa imani nyingine. Mpe maji aliye nyuma yako, hata kama huna kibuyu ila mtutu. Mwache aliyekuwa mwanafunzi wako akushike mkono macho yako yakififia. Krapf alifariki mwezi wa Novemba 1881, na wenyeji wake wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili, kazi aliyoianza katika siku zilezile za homa na makaburi, ilitoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi. Sisi tumeishika, na watu wengi wa dini zote wamesoma, wamebishana na wamefarijiana kwa maneno yaliyomo.